Vifaa vya kuongeza hewa kwenye injini ya tustroki: cha kufunga, cha kuacha, na namna ya kupima mwenyewe ukiwa Arusha au Moshi

Mwongozo huu unawahusu wenye Yamaha AG100, DT125, DT175 na pikipiki nyingine zinazochoma oili pamoja na petroli. Kwa sehemu unawahusu pia wenye misumeno ya minyororo. Kama unaendesha Boxer au TVS HLX, hizo ni fostroki, na mengi ya humu hayatakufaa.

Jibu la haraka ni hili: vifaa vingi vinavyouzwa ili kuongeza hewa haviongezi nguvu, bali vinaongeza kelele. Injini ikivuma kwa sauti mpya ya kunyonya hewa, dereva huhisi imechangamka ilhali saa haioni tofauti yoyote. Kifaa kimoja tu kina kesi ya kujitetea, nacho ni ridi mpya, yaani bapa nyembamba zinazoruhusu mchanganyiko wa hewa na petroli kuingia kwenye injini bila kurudi. Hata hiyo mara nyingi inarudisha nguvu iliyokuwa imepotea, haileti ya ziada.

Adui wa kwanza ni mwinuko

Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 85 ya ile ya pwani. Moshi mjini, ambako ni kati ya mita 800 na 900, ni kama asilimia 90. Ukifika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300, imebaki asilimia 76 hivi. Injini inayovuta hewa kwa nguvu zake yenyewe hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho, na hakuna kifaa cha kufunga kwa klipu kinachoweza kuirudisha.

Linganisha na ahadi ya bomba linalouzwa ili likinge upepo wa mbele na kuusukuma ndani ya injini. Pikipiki ikienda kilomita 80 kwa saa hapa Arusha, upepo wote unaogonga mdomo wa bomba hilo unaongeza kanieneo kwa chini ya theluthi moja ya asilimia moja. Mwinuko umechukua 15, bomba linarudisha 0.3. Baada ya hesabu hiyo sioni cha kubishania.

Kuna hasara ya pili inayoletwa na mwinuko, na hii inatibika. Kabureta haijui kwamba hewa imekuwa nyepesi. Hewa inapungua uzito haraka kuliko petroli inavyopungua, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito (petroli nyingi kwa hewa iliyopo), Arusha kwa karibu asilimia 8 kuliko pwani. Pikipiki iliyopangwa Dar es Salaam au Tanga ikiletwa huku hutoa moshi mwingi, hukohoa mafuta yakifunguliwa yote, na plagi hutoka nyeusi na mbichi. Jeti kubwa ya kabureta (kitundu kinachopima petroli mafuta yakifunguliwa yote) ya namba ndogo zaidi, inayogharimu pesa kidogo, itakupa zaidi ya chupa na feni zote unazoonyeshwa dukani.

Ziba hewa ya wizi kwanza

Usifunge kifaa chochote kwenye injini ambayo hujaipima kama inavuja. Kesi ya krenki ya tustroki ndiyo pampu yake. Pistoni ikipanda inavuta mchanganyiko ndani ya kesi, ikishuka inausukuma juu kwenye silenda. Tundu dogo popote kwenye kesi hiyo linaingiza hewa isiyopita kwenye kabureta. Mchanganyiko unakuwa mkavu (petroli kidogo kwa hewa iliyopo), oili nayo inapungua pamoja na petroli, pistoni inapata joto na injini inanoki. Ukichanganya uvujaji wa zamani na chujio jipya linalopitisha hewa zaidi, umeharakisha siku ya kubadilisha pistoni.

Vifaa vya kupimia: pampu na saa ya kipimo cha presha ya damu cha mkono, aina inayosoma hadi 300 (milimita za zebaki), kipande cha tyubu ya gurudumu, bapa la chuma la milimita 3, plagi kuukuu iliyotolewa kauri na kuchomelewa kineli cha kuvalisha mpira wa pampu, povu la sabuni.

1. Subiri injini ipoe. Fungua ekzosi na kabureta, lakini acha mpira wa kabureta mahali pake.
2. Ziba tundu la ekzosi kwa tyubu na bapa, ukikaza kwa nati zake. Ziba mdomo wa mpira wa kabureta kwa kizibo cha mbao kilichochongwa duara, ukaze klipu. Kama kuna mrija mwembamba wa oili au mpira wa chupa ya hewa unaoingia hapo, uzibe pia.
3. Zungusha krenki hadi pistoni iwe chini kabisa, ili silenda na kesi viwe chumba kimoja.
4. Funga ile plagi kuukuu, unganisha pampu, jaza taratibu hadi 300. Hiyo ni karibu ba 0.4 na inatosha. Ukizidisha, oili sili zinaweza kuchomoka kwenye makazi yake.
5. Ngoja dakika 6. Injini nzima haishuki sana. Ikishuka zaidi ya 50 kwa dakika moja, inavuja na haifai kuendeshwa kwa kasi.
6. Pakaa povu kwenye gasketi ya chini ya silenda, kwenye mpira wa kabureta na kuzunguka viziba vyako. Kisha fungua kifuniko cha magneto na upake kwenye sili ya krenki.

Kama povu halionyeshi kitu na sindano bado inashuka, fungua kizibo cha kuwekea oili ya giabokisi usikilize. Mapovu huko ndani ni sili ya upande wa klachi. Dalili yake barabarani ni moshi mweupe mzito na oili ya giabokisi kupungua bila kudondoka chini. Upande wa magneto dalili ni tofauti: sailensi (mizunguko ya injini bila kuipa mafuta) inapanda yenyewe, na injini inachelewa kushuka ukiachia mafuta.

Mpira wa kabureta ndio mkosaji wa kila siku. Ukunje kwa vidole, hasa kwa chini usikouona. Nyufa ndogo zinazofunguka ukikunja zinatosha kuunguza pistoni, na kuzipaka gundi ya silikoni ni kujidanganya kwa sababu petroli huilainisha ikatoka.

Ridi

Ridi ni zile bapa nyembamba kati ya kabureta na kesi ya krenki, zinazofanya kazi kama mlango wa upande mmoja: mchanganyiko unaingia, haurudi. Zikichoka, injini inarudisha mafuta kwenye kabureta. Utaona eakilina imelowa petroli na oili kwa ndani, kuwasha kunakuwa kugumu, na nguvu ya chini inapotea huku ya juu ikibaki karibu kama zamani.

Toa kizimba chote kinachoshika ridi, ukitazame dhidi ya jua. Mwanga mwembamba sana kwenye ncha unavumilika. Fila geji (kibati cha kupimia mwanya) ya milimita 0.3 ikipita kwa ulaini kati ya bapa na kikalio chake, zibadilishe, isipokuwa kitabu cha pikipiki yako kinataja kipimo kingine. Baada ya kutazama, geuza kizimba na umimine petroli kidogo upande wa kabureta. Kudondoka tone moja moja si shida, kutiririka ni shida. Chunguza pia pembe za kila bapa kwa ukucha, kwa sababu ufa huanzia pembeni.

Zipo za chuma na zipo za faiba. Za chuma hudumu sana, ila zikivunjika kipande kinaangukia kwenye krenki na kukwangua pistoni na silenda. Za faiba, pamoja na zile za kaboni, huchakaa kwa kuchanika nyuzi, na kipande chake kikimezwa madhara huwa madogo. Ni nyepesi pia, kwa hiyo zinafunguka mapema kwa mvuto mdogo. Hiyo ndiyo faida yake halisi: kuwaka kwa wepesi na kuitika vizuri kwenye mizunguko ya chini, ambako AG100 inafanya kazi siku nzima shambani. Usitarajie kasi ya juu kuongezeka.

Ukifunga mpya, paka gundi ya nyuzi kwenye skrubu ndogo za kizimba na uzikaze kwa mkono mwepesi. Skrubu moja ikilegea inaingia kule kule kwenye krenki. Gasketi iwe mpya. Vibati vinavyozuia bapa zisifunguke kupita kiasi virudi upande vilikotoka, na usivikunje ili "zifunguke zaidi". Bapa itavunjika mapema, basi.

Vifaa vingine, kimoja kimoja

*Chujio la koni.* Hili ndilo linaloharibu injini nyingi. Boksi la eakilina limepimwa na waliotengeneza injini: lina hewa tulivu, linazuia maji, na jeti zimechaguliwa zikiwa nalo. Ukiling'oa na kufunga koni, hewa inapita kwa wepesi zaidi kwenye mizunguko ya juu, mchanganyiko unakauka, na inabidi upandishe jeti kubwa ukubwa mmoja hadi mitatu ili urudi ulipokuwa. Ubaya wa huku ni kwamba mtu wa Arusha mwenye jeti ya pwani akifunga koni anaona pikipiki imeamka kweli. Kilichotokea ni koni kukausha mchanganyiko uliokuwa mzito. Jeti ya namba ndogo ingefanya hivyo hivyo bila kumwachia vumbi la Kisongo njia ya kuingia. Vumbi hilo ni laini, na katika tustroki linapita kwanza kwenye beringi za krenki kabla ya kufika kwenye ringi.

Tunza sponji ya kiwandani. Ioshe kwa mafuta ya taa, ikifuatiwa na maji ya sabuni, ikamue bila kusokota, ikauke kivulini. Iloweshe oili ya chujio, au oili safi ya injini kama huna, ukamue hadi isidondoke. Paka grisi ukingo unaokaa kwenye boksi. Kwenye barabara za vumbi kagua kila wiki. Usioshe kwa petroli: inayeyusha gundi ya maungio, na moto hauko mbali.

*Feni na vipande vya kuzungusha hewa.* Viache. Kwenye injini nyingine angalau mtu anaweza kubishana. Kwenye tustroki mchanganyiko ukitoka kwenye kabureta unaingia katika kesi ambamo krenki inazunguka maelfu ya mara kwa dakika na kuvuruga kila kitu. Mzunguko uliotengenezwa mlangoni hauwezi kuvuka hapo. Kinachobaki ni kipande cha bati kilichoziba njia ya hewa. Feni ndogo ya umeme ya volti 12 ni vile vile, na inakula betri.

*Kipande cha kusogeza ridi nyuma.* Kinaongeza ujazo wa kesi ya krenki, kwa hiyo mgandamizo ndani ya kesi hiyo unapungua. Kwenye injini ya mashindano inayokaa juu ya mizunguko muda wote kinaweza kuwa na maana. Kwenye pikipiki ya kupanda Kibosho na magunia mawili, utapoteza nguvu ya mizunguko ya chini unayoihitaji.

*Kabureta kubwa.* Shimo likipanuka, hewa inapita polepole kwenye mizunguko ya chini na inashindwa kunyonya petroli vizuri. Pikipiki inalegea pale unapofungua mafuta ghafla. Kikomo cha nguvu ya injini hizi kimewekwa na milango ya silenda na umbo la ekzosi. Usipobadilisha hivyo, kabureta kubwa haina cha kulisha.

*Chupa ya hewa.* Hii ina sayansi ya kweli. Katika miaka ya 1980 Yamaha iliiweka kwenye baadhi ya pikipiki zake kwa jina la YEIS. Ni chupa iliyofungwa, imeunganishwa kwa mpira kwenye njia iliyo kati ya kabureta na ridi. Ridi zikifunga, mchanganyiko uliokuwa unakimbia unaingia kwenye chupa badala ya kugonga ukuta, na ridi zikifunguka tena unatoka humo. Tatizo ni kwamba chupa hufanya kazi karibu na mizunguko fulani tu. Hesabu yake kwa silenda moja ni hii, vipimo vyote vikiwa kwa mita:

mizunguko kwa dakika = 3,300 × mzizi wa mraba wa [eneo la tundu la mpira ÷ (ujazo wa chupa × urefu wa mpira)]

Mpira wenye tundu la milimita 12 na urefu wa sentimita 30, ukiungwa kwenye chupa ya mililita 250, unaangukia karibu 4,000. Fupisha mpira uwe sentimita 15, inakuwa karibu 5,700. Rudisha sentimita 30 lakini tumia chupa ya mililita 100, inafika karibu 6,400. Kwa hiyo chupa ya dukani yenye mpira wa urefu wowote uliokutwa gereji ni bahati nasibu. Hata ikipangwa vizuri, inajaza bonde dogo la nguvu sehemu moja na kuacha pengine kama palivyokuwa.

Kama pikipiki yako ilikuja nayo, itunze, ukikagua nyufa za chupa na mpira wake, maana hapo pia hewa ya wizi hupita. Kama haikuja nayo, kutoboa mpira wa kabureta ili uifunge ni kununua hatari kwa faida ndogo. Ukisisitiza, tumia mpira mgumu usiokunjika na usioogopa petroli, klipu pande zote mbili, na rudia kipimo cha uvujaji chupa ikiwa imefungwa.

Kupanga jeti kubwa

Hapa ndipo pesa yako iende. Nunua jeti tatu: ya sasa, na mbili zinazoifuata kushuka. Anza na iliyo kubwa, usianze na ndogo. Weka plagi mpya yenye namba ya kitabu, pasha injini moto kwa kilomita kadhaa, kisha nenda mafuta yote kwenye mlima wa wastani kwa nusu kilomita. Bila kuachia mafuta, zima injini na ushike klachi kwa pamoja, jisogeze pembeni, toa plagi. Fanya hivi mahali pasipo magari nyuma yako.

Tazama chini kabisa ya kauri, ndani, kwa lenzi. Rangi ya ncha inadanganya kwa sababu inabadilika hata ukiwa umesimama na injini ikiunguruma. Pete nyembamba ya kahawia pale chini ni nzuri. Masizi hadi juu, shuka ukubwa mmoja. Kauri nyeupe kabisa maana yake mchanganyiko ni mkavu, na vitone vidogo vya kung'aa kama fedha maana yake pistoni imeanza kuyeyuka: panda ukubwa mmoja au miwili kabla hujaendelea. Kwa Arusha wengi wataishia ukubwa mmoja au miwili chini ya jeti ya pwani, Moshi mjini mmoja au hakuna.

Jeti iliyopangwa Arusha isiende Dar es Salaam ikiwa ndani ya kabureta. Kadiri unavyoshuka hewa inakuwa nzito, mchanganyiko unakauka, na barabara inakushawishi uende mafuta yote kwa saa nyingi. Beba ile kubwa mfukoni na uibadilishe njiani.

Kwenye msumeno, skrubu yenye alama ya H inafanya kazi ya jeti kubwa. Msumeno ukiwa umeshika moto na mnyororo mkali, bana mafuta yote bila kukata kitu: unapaswa kusikia mlio wa kukatikakatika kidogo, ambao unanyooka mnyororo ukigusa gogo. Mlio safi wa kulia bila mzigo ni mchanganyiko mkavu. Fungua H robo mzunguko. Anayeshusha msumeno kutoka misitu ya juu kwenda tambarare aipime upya.

Kupima kama kifaa kimeleta kitu

Masikio na makalio si vipimo. Funga simu irekodi video ya spidomita. Chagua tambarare ya lami, asubuhi kabla ya upepo: kutoka Kisongo kuelekea Makuyuni, au barabara ya TPC kusini mwa Moshi. Ukiwa gia ya juu kabisa kwenye kilomita 40 kwa saa, fungua mafuta yote hadi 60. Rudia mara tatu kwenda na tatu kurudi, dereva yule yule, tangi likiwa na mafuta yale yale, upepo wa matairi umepimwa. Nyumbani tazama video, andika sekunde, tafuta wastani. Badilisha kitu kimoja tu, urudie siku hiyo hiyo.

Kama safari sita za mwanzo zilitofautiana zenyewe kwa zenyewe kwa nusu sekunde, kifaa kilichokupa theluthi ya sekunde hakijakupa kitu. Mwenye kubeba mizigo apime pia kwa mlima, kwa mfano Himo hadi Marangu na mzigo uliopimwa kwenye mizani, akiangalia gia anayolazimika kushuka na mahali anaposhukia.

Unapoteremka mlima huo, usishuke mwendo wote mafuta yakiwa yamefungwa. Tustroki inalainishwa na kile kinachopita kwenye kabureta au pampu ya oili inayofuata mkono wa mafuta. Injini ikisukumwa na magurudumu kwa mizunguko mingi huku mafuta yamefungwa, pistoni inakosa oili. Kila baada ya mita mia kadhaa shika klachi, fungua na kufunga mafuta mara moja, kisha endelea.